Wawili kuvuka Mkondo wa Pemba: nauli si gharama yote

Mke na mume wa Nguvumali, hapa Tanga, wanaotaka kwenda Pemba mwezi huu nawapa jibu kabla ya maelezo: pandeni meli ya abiria inayotoka bandari ya Tanga moja kwa moja, daraja la kawaida, na tiketi ya kurudi ikatwe siku ile ile inayokatwa ya kwenda. Njia nyingine zipo, na baadhi yake zinafaa kwa mwenye haja maalumu. Lakini kwa wenye laki tatu mkononi na ruhusa ya siku chache kazini, nyingi huwamaliza kabla hawajafika Chake Chake.

Watu wengi huipima safari hii kwa nauli peke yake. Nauli ndiyo sehemu nyepesi. Imebandikwa dirishani na kila mtu anaiona. Kinachokula pesa ni siku za kungoja chombo, mzigo uliozidi kilo, gari la kutoka bandarini, makato ya kubadilisha tarehe, na yule kijana wa getini anayekwambia tiketi zimeisha ila yeye anazo mbili.

Tuanze na siku za kungoja, maana hapo ndipo fungu kubwa linapopotelea. Meli ya Tanga na Pemba haitoki kila siku kama boti za Dar es Salaam na Unguja. Ina siku zake katika wiki, na siku hizo hubadilika meli ikienda matengenezo au bahari ikichafuka. Anayekata tiketi ya kwenda tu, akisema ya kurudi ataiona huko huko, amejiweka mikononi mwa ratiba asiyoijua.

Chukua tarakimu hizi za kupigia hesabu, kisha weka za siku yako. Tuseme nauli ya meli ni 40,000 kwa mtu, chumba cha gesti 30,000 kwa usiku, chakula cha wawili 20,000 kwa siku. Kwenda na kurudi kwa wawili ni 160,000. Siku moja ya kungoja ni 50,000, imeshaipita nauli ya mtu mmoja. Siku mbili ni laki nzima, imeipita nauli ya wote wawili ya kurudi. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu punguzo la elfu mbili, uliza meli inarudi lini.

Mwenye jamaa wa kumlaza huko Pemba, Mkoani au Wete, hesabu yake ni nyingine kabisa. Kilo chache za mchele na sukari mtakazompelekea mwenyeji ni rahisi kuliko usiku mmoja wa gesti, na ndiyo adabu yenyewe. Mkiwa na mwenyeji, msiogope meli inayokaa siku nyingi kabla ya kurudi. Msipokuwa naye, tafuteni wiki ambayo kwenda na kurudi vinakaribiana, hata ikibidi kusogeza safari mbele.

Wapo wanaochoka kungoja wakaamua kurudi kwa kuzunguka: Pemba hadi Unguja, Unguja hadi Dar es Salaam, halafu basi hadi Kange, kituo cha mabasi cha Tanga. Inaonekana ni ujanja kwa kuwa kila kipande kina chombo karibu kila siku. Ipigie hesabu. Tuseme Pemba hadi Unguja ni 35,000 na Unguja hadi Dar ni 30,000; kwa wawili ni 130,000. Basi la Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023 viliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, kwa hiyo ni kama 17,000 au 24,000 kwa mtu. Weka 48,000 kwa wawili katika daraja la kati. Ongeza usiku mmoja wa kulala njiani na chakula cha siku mbili, 70,000.

Halafu kuna kipande ambacho hakuna anayekihesabu. Boti inakushusha katikati ya jiji, basi la Tanga liko Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, upande wa pili wa Dar es Salaam. Mwenye begi moja la mgongoni atapanda mwendokasi kwa pesa ndogo. Mwenye mabegi matatu na ndoo ya samaki wakavu ataita teksi, na teksi ya umbali huo ni 25,000 au zaidi. Jumla imefika 273,000 kwa kurudi tu. Ungengoja meli ya moja kwa moja siku tatu Pemba, gesti, chakula na nauli vingekugharimu 230,000. Siku ya nne ndipo mizani inapokaribia kulingana. Kwa hiyo hukumu ni rahisi: usizunguke kwa sababu umechoka kungoja. Zunguka kama una shughuli Unguja au Dar, au kama kazi haikusubiri.

Kuna wawili wengine, nao ni wengi siku hizi, wanaotaka kuviona visiwa vyote viwili kwa safari moja, hasa waliooana karibuni. Hao nawashauri waingilie Pemba na kutokea Unguja. Kurudia njia ile ile ni kulipa mara mbili kwa kitu ulichokwisha kukiona.

Kati ya Pemba na Unguja mna chaguo la boti ya kasi na meli kubwa inayobeba na magari. Boti ya kasi ni ghali kidogo, inafika mapema, na bahari ikiwa na mawimbi inarusha kweli kweli. Meli kubwa ni nzito, inatulia zaidi, ina nafasi ya mizigo, lakini inakula saa nyingi. Baadhi ya safari zake ni za usiku, na hapo kuna akiba ya wazi: umesafiri na umelala kwa tiketi moja, gesti ya usiku huo imebaki mfukoni. Nunua akiba hiyo kama nyote wawili mna afya na mzigo mdogo. Mkiwa na mtoto mchanga au mzee, boti ya kasi ya mchana inastahili tofauti ya bei. Usiku wa kukaa kwenye kiti na mtoto anayetapika si akiba.

Na katika njia hiyo hiyo ya Unguja na Pemba, tiketi yenye jina lako mwenyewe ina thamani kuliko punguzo lolote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi mno. Mamia walikufa. Familia zilihangaika baadaye kuthibitisha nani hasa alikuwemo, kwa kuwa orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Miezi kumi tu baadaye, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Tangu hapo vitambulisho na majina vinaangaliwa zaidi bandarini. Ukinunua tiketi ya kishoka, kama yule kijana wa getini, iliyoandikwa jina la mtu mwingine, kwenye orodha ya meli wewe hupo. Ukizuiwa getini, umepoteza nauli. Ukipata ajali, jamaa zako hawana karatasi ya kudai. Nunueni dirishani, au kwa njia ya simu ya kampuni yenyewe, kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho vyenu vya NIDA.

Sasa niseme wazi kuhusu mashua na boti za mbao zinazotoka usiku kwenye bandari bubu, maana najua ndizo zinazovutia mwenye pesa kidogo. Bei yake ni ndogo, haina foleni, na mtu wa kukuonyesha njia hakosekani. Mwezi Januari 2017 boti iliyotoka Tanga kwenda Pemba na abiria ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, watu 12 wakafa. Jambe si mbali. Siku ya anga safi unakiona kutoka ufukweni kwetu. Hawakuwa wamefika hata nusu ya safari.

Mkondo wa Pemba ni bahari ya kina kirefu, si ghuba. Katikati yake kina kinapita mita mia kadhaa, na maji yanakimbia kuelekea kaskazini. Chombo cha mbao kilichojaa magunia, bila jaketi okozi la kila mtu, bila redio, na kilichotoka usiku ili kisionekane, hakina bei inayoweza kukifanya kiwe rahisi. Hata kwa bure usipande. Hapo sina mizani ya kupima faida na hasara.

Hilo halina maana kwamba kila chombo cha mbao ni kibaya. Kipumbwi, wilayani Pangani, vyombo vya mbao vimekuwa vikivuka kwenda Mkokotoni kaskazini mwa Unguja miaka na miaka. Tofauti iko kwenye karatasi na kwenye saa. Uliza kama chombo kina leseni ya kubeba abiria, si mizigo tu, kutoka TASAC, shirika la uwakala wa meli. Hesabu jaketi kwa macho yako na ulivae kabla ya kamba kufunguliwa. Kitoke mchana, kwenye gati inayojulikana, jina lako likiandikwa. Nahodha anayekasirika ukimuuliza mambo hayo amekuokolea nauli yako, shuka.

Jahazi la tanga lina gharama yake nyingine isiyoandikwa popote: upepo. Upepo ukikatika, safari ya saa sita inakuwa ya mchana kutwa na usiku. Anayewahi harusi, maziko au zamu ya kazi asitegemee tanga.

Kuna pia boti za fiber zenye mashine mbili zinazovuka kutoka Pangani kwenda Nungwi. Hizi zinakodishwa boti nzima, si kiti. Mkiwa wawili mnalipia viti vya watu wanane. Mkikusanyika wanane, bei inashuka hadi ikakaribia ya kawaida, kwa hiyo mpigie simu mwenye boti mapema, umuulize kama kuna kundi la kuungana nalo. Uliza na hili: petroli imo ndani ya bei? Bahari ikichafuka na boti isiondoke, pesa inarudi yote au anakata? Huko Nungwi anawashusha ufukweni au gatini? Mkishushwa ufukweni mtavua viatu na kubeba mabegi kichwani, na mwenye sanduku la magurudumu atajuta.

Wenye boti hizi wamezoea watalii na wengine watakutajia dola. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Omba bei ya shilingi, na risiti ya shilingi. Mara nyingi bei ya dola ikigeuzwa kwa kiwango cha huyo huyo mwenye boti, elfu kadhaa zinaongezeka bila kuonekana.

Mkifika Nungwi msikubali teksi ya kwanza. Daladala namba 116 inatoka Nungwi hadi mjini Unguja kwa pesa ndogo sana. Teksi ya njia hiyo inaweza kuwa sawa na nauli ya mtu mmoja ya kurudi Tanga. Vivyo hivyo Pemba: kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, na daladala zinangoja meli bandarini. Bajaji na gari ndogo zinafaa tu meli ikifika usiku au mkiwa na mzigo mkubwa. Nazo patana kabla begi halijapandishwa juu.

Ndege ndogo nayo si ya kubezwa. Uwanja wa Tanga uko mjini hapa hapa, na kufika Pemba angani hakuzidi nusu saa. Nauli ni mara kadhaa ya meli. Kwa wawili wazima wenye muda, haistahili. Inastahili kwa mjamzito aliyeruhusiwa na daktari wake, kwa mgonjwa, kwa mtu ambaye bahari humlaza siku mbili, na kwa mfanyabiashara ambaye siku moja ya kufunga duka inampotezea zaidi ya tofauti ya nauli. Ila angalia mizigo: ndege hizi za abiria kumi na wachache huruhusu kama kilo 15 kwa mtu, na kila kilo ya ziada inalipiwa, kama nafasi ipo. Ukienda na zawadi za ukweni, ndege itakutoza kwa sufuria.

Mizigo hata melini ina mambo yake. Kila tiketi ina kilo zake za bure. Uliza ni ngapi wakati wa kukata, kisha pima nyumbani. Hamali wa bandarini hulipwa kwa mapatano, na mapatano hufanywa kabla mzigo haujafika begani. Mabegi mawili ya kati yanayobebeka ni bora kuliko gunia moja kubwa linalohitaji watu wawili kila upande wa bahari. Mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni. Bara imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia.

Wakati wa kurudi wengi hununua vitu Unguja kwa kuona bei ni nzuri. Runinga, friji, simu za jumla na vitambaa vya biashara hupita forodha vikiingia Bara, na kodi inaweza kudaiwa. Kabla hujafurahia bei ya dukani, jumlisha kodi, hamali na usafiri, kisha linganisha na bei ya Tanga mjini. Kwa kitu kimoja cha nyumbani, mara nyingi faida inaishia bandarini. Karafuu ndiyo kabisa usiguse kwa biashara. Kuinunua ni kazi ya ZSTC, shirika la biashara la Zanzibar, na anayeivusha kwa magendo hupoteza mzigo na kuingia kesini. Chukua ya kutia kwenye pilau, iliyofungwa dukani na ina risiti.

Mmoja wenu akiwa na pasipoti ya nje, labda mwenzio amekuja likizo kutoka Oman au Uingereza, bajeti ni nyingine. Abiria wa nje huwekewa nauli yao, ya juu kuliko ya mwenyeji. Juu ya hapo, tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilitangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima. Bima aliyokuja nayo kutoka huko haichukui nafasi yake. Aikate mapema kwa mtandao. Kuikata bandarini foleni ikiwa nyuma ni kukaribisha vishoka.

Majira nayo yana bei. Kusi likivuma Juni na Julai, mkondo unachafuka, safari huahirishwa, na aliyekata tiketi kwa siku ya mwisho ya ruhusa yake anachelewa kazini. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana kuelekea mwisho wa mwaka na tena kabla ya masika, bahari hulala zaidi. Kama tarehe iko mikononi mwenu, chagueni wakati huo. Kama haiko, wekeni siku moja ya akiba na pesa yake, na msikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa upepo na mawimbi siku mbili kabla. Dawa ya kichefuchefu inunuliwe duka la dawa mtaani na imezwe kabla ya kupanda. Ikimezwa melini baada ya kuanza kutapika haisaidii.

Kwa wawili ambao haja yao si Pemba bali ni kuonja tanga tu, kukaa kwenye chombo kimya na upepo usoni, msivuke mkondo. Kodini ngalawa au mashua ndogo asubuhi kwenda kisiwa cha Toten, hapo hapo ndani ya ghuba ya Tanga. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, na kwenda na kurudi kunamalizika kabla ya magharibi. Bei ni ya mapatano na ni ya chombo kizima, kwa hiyo tafuteni wawili wengine mgawane. Angalieni maji: yakiwa yametoka mtatembea kwenye tope. Wanaopendelea Maziwe, mbele ya Pangani, wajue ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa, na kuna tozo ya hifadhi ya bahari juu ya bei ya boti. Uliza kama imo.

Walioko Pemba tayari wana nafasi ya Misali. Boti huelekea huko kutoka Wesha, karibu na Chake Chake, na njia ni fupi. Hapo pia kuna kiingilio cha hifadhi, na mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni, ila aonyeshe kitambulisho. Kati ya vipande vyote vya bahari nilivyovitaja, hicho ndicho ningekilipia zaidi ya kawaida: maji safi, chombo kidogo, saa chache, na mnarudi kulala kwa mwenyeji wenu.

Idi ikikaribia, yote haya yanakuwa magumu mara mbili. Viti vya daraja la kawaida huisha kwanza, na aliyechelewa hubaki na daraja la juu au na kishoka. Anayetaka kula Idi Pemba aende dirishani akate za kwenda na za kurudi Ramadhani ikiwa bado changa, na asome nyuma ya tiketi makato ya kubadilisha tarehe ni kiasi gani kabla hajaondoka pale dirishani.